Ukungu Machoni mwa Ndama

Sunná hakuwa mtu wa kumwamini mtu haraka, na bonde zima lilijua hivyo. Akiambiwa njia ya ziwani ni salama, alishuka kwenye pikipiki yake ya theluji, akaigonga barafu kwa fimbo, akasikiliza, ndipo akapita. Akiletewa nyama kavu kama zawadi, aliuliza imetoka kwa mnyama wa nani. Majirani walimcheka chini chini, naye aliwaacha wacheke. Alikuwa ameshavuka miaka hamsini, mjane, mfupi wa kimo na mpana wa mabega, na tangu utotoni hakuwahi kufanya kazi nyingine zaidi ya kufuga kulungu wa nchi ya theluji, wale wenye manyoya mazito na pembe za matawi.

Tabia hiyo aliirithi kwa baba yake. Mzee huyo aliwahi kupoteza ndama wengi mikononi mwa watu waliokuwa wakiwakata masikio upya, maana huko kila ukoo una mkato wake wa sikio, na mkato ndio unaosema mnyama ni wa nani. Tangu hapo akamfundisha binti yake kuwatambua kulungu kwa sura na mwendo: huyu ana pua ya mshangao, yule anatembea kama anayetafuta kitu alichoangusha. Sunná alishika vizuri mafunzo hayo. Miaka michache baada ya mumewe kufariki kwa ugonjwa wa moyo, siku ya kutenganisha makundi wakati wa vuli, alimwona ndama mwenye mkato wa jirani yake Heaika akimfuata kulungu jike aliyekuwa wake yeye. Alisimama katikati ya zizi, vumbi limemjaa mdomoni, akamdai ndama wake mbele ya watu wote. Wazee wa wafugaji wakakaa, wakachunguza, wakampa haki. Heaika akasema mkono ulimteleza tu katika zile vurugu, akamkata ndama asiye wake. Huenda ilikuwa kweli, kwa kuwa jambo hilo humtokea kila mfugaji. Lakini Sunná alilihifadhi moyoni, na halikuwahi kutoka.

Heaika alikuwa binamu wa marehemu mumewe, kwa hiyo waliitana shemeji na kutaniana kama mashemeji. Alipokuja alikaribishwa kahawa. Alipoondoka, Sunná alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa uzio.

Mwaka tunaousimulia, mvua ilinyesha katikati ya Desemba, mwezi ambao huko haujuani kabisa na mvua. Baridi ikarudi usiku uleule, na malisho yote yakafungiwa chini ya barafu kama vitu vya dukani nyuma ya kioo. Kulungu walichimba kuutafuta ule ukoga mweupe wa ardhini wanaoutegemea majira ya baridi, wakachimba mpaka kwato zikatoka damu. Sunná alivumilia, akavumilia, mwishowe yeye na mdogo wake Jovnna wakawaswaga wanyama wote hadi kwenye zizi la kando ya mto, wakaanza kuwalisha nyasi kavu na chakula cha punje cha kiwandani.

Hakulipenda zizi. Kulungu aliyezoea kutembea kutwa nzima, ukimfungia na wenzake bega kwa bega, anakuwa mtu wa soko: anasukumana, anapiga teke, anakula kwenye mavi yake. Vumbi la nyasi liliwaruka usoni kila walipogombea lishe. Lakini nje ya uzio kulikuwa na njaa, na hapakuwa na jambo la tatu la kuchagua.

Jovnna ndiye aliyemwona wa kwanza. Ndama mmoja alikuwa na shavu lililolowa, manyoya ya chini ya jicho yamegeuka rangi ya kahawia kama chai iliyomwagika. Sunná akasema ni upepo. Kesho yake walikuwa watatu, na jicho la yule wa kwanza lilikuwa limevimba. Kabla wiki haijaisha, aliposhika kichwa cha ndama yule na kukielekeza kwenye mwanga hafifu wa adhuhuri, aliona ukungu wa bluu umetanda juu ya mboni, kama maziwa yaliyotiwa maji. Ndama hakuukwepa mkono wake. Hakuuona.

Sunná alijua mara moja kwamba kuna mkono wa mtu. Hakujua tu ni wa nani.

Alianza na chakula. Akafungua matita ya nyasi moja moja, akayatia pua, akayavunja katikati kutafuta ukungu na uozo. Akampigia simu mfanyabiashara aliyemuuzia, mtu wa pwani mwenye malori, akamuuliza lori lile lilibeba nini kabla ya kubeba nyasi zake, maana aliona manyoya yamenasa kwenye bawaba za nyuma. Mtu yule alikasirika. Akasema manyoya yalikuwa ya mbwa wake, nyasi ni safi, na shehena ileile aliigawa kwa wateja wengine wala hakuna aliyenung'unika. Katika kujitetea huko akataja kwamba hata shemeji yake mwenyewe, Heaika, alichukua mzigo mkubwa kuliko wake, na hakusema kitu.

Sunná alikata simu, akakaa nayo mkononi.

Heaika hakuwa na sababu ya kununua nyasi. Tangu Desemba alikuwa akimwambia kila mtu kwamba amepata mteremko uliofagiliwa na upepo, huko juu, ambako kulungu wake wanajilisha wenyewe bila shida. Alijigamba hivyo dukani, akajigamba hivyo kanisani. Mtu ambaye wanyama wake wanajilisha ananunua nyasi za nini?

Siku chache baadaye Heaika mwenyewe akaja. Alikung'uta theluji mlangoni, akakaa karibu na jiko, akatoa kisu chake akaanza kukatia vipande vya nyama kavu ndani ya kahawa, kama alivyofanya siku zote.

"Shemeji, umekonda," alisema. "Au Jovnna anakula na fungu lako?"

"Jovnna anakula fungu la kila mtu. Wa kwako wanaendeleaje?"

"Wako mlimani. Wananenepa kunishinda mimi."

Sunná akamwongezea kahawa. Heaika akakoroga, ingawa hakuwa ametia sukari.

"Nimesikia una ndama wanaoumwa macho," alisema.

"Upepo tu."

"Yameshakuwa ya bluu?"

Sunná aliishusha birika. Neno bluu hakulitamka kwa mtu yeyote nje ya nyumba hiyo, na baadaye Jovnna naye aliapa kwamba hakulitamka. Mtu aliyesikia tu habari za macho angeuliza kama yanatoa machozi, au kama yamevimba. Bluu anaijua aliyeinama akatazama.

"Bluu gani?" aliuliza.

"Nauliza tu."

Hapo ndipo alipoona mkono wa koti la shemeji yake. Palikuwa na doa la mafuta mazito, meupe, na juu yake vimenasa vinyoya vifupi vya kijivu. Akamwalika waende zizini akajionee mwenyewe. Heaika akakataa, akasema si vizuri kuburuta viatu kutoka zizi la mtu hadi jingine. Lilikuwa jibu la mfugaji makini. Lilikuwa pia jibu la mtu anayejua viatu vyake vimekanyaga wapi. Alipoondoka, Sunná alisimama dirishani mpaka mlio wa pikipiki ukafa.

"Huyu ana lake," alimwambia Jovnna.

Jovnna akasema kila mtu ana lake, akachukua nyama iliyobaki.

Daktari wa mifugo alitoka pwani, mwanamke aitwaye Turid, mpole na mwenye mikono ya kazi. Sunná hakumwachia peke yake hata kidogo. Alimfanya abadilishe glavu kila alipotoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine, na Turid, ambaye angebadilisha hata bila kuambiwa, alitii bila neno. Alichukua usaha wa machoni kwa pamba, akatoa damu kwa ndama na kwa wakubwa, akawachoma sindano wale waliozidiwa na kuonyesha jinsi ya kupaka dawa. Akasema maneno ambayo Sunná aliyategemea na hakutaka kuyasikia: ugonjwa unaambukiza, wagonjwa watengwe na wazima, na watengwe mbali, kwenye zizi jingine kabisa, wasile pamoja wala kugusana pua.

Zizi jingine hapakuwa nalo. Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, nguzo hazingeingia mpaka kiangazi.

"Kuna mwingine mwenye shida hii?" Sunná aliuliza wakati daktari akifunga mkoba wake.

"Mama Sunná, siwezi kuzungumzia wanyama wa mtu mwingine."

"Kwa hiyo yupo."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema hayupo."

Turid akatabasamu, akaaga. Sunná alilichukua tabasamu hilo, akaliongeza kwenye nyasi, bluu na doa la mafuta.

Siku jua liliporudi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi za giza la majira ya baridi, likachungulia juu ya kilima kwa muda mfupi na kuzama tena, alimwambia Jovnna kwamba anakwenda ziwani kuvua. Jovnna alitazama sledi ya dada yake, lile gari lisilo na magurudumu linaloburutwa nyuma ya pikipiki, akaona keekee ya kutobolea barafu imebaki ukutani.

"Dada, leo unawavua kwa mkono?"

"Leo nawavua kwa akili," Sunná alijibu, akawasha pikipiki.

Alifuata njia ya Heaika. Haikuwa ngumu, kwa kuwa sledi nzito huacha alama nzito. Njia ilielekea mlimani kwanza, kama ilivyosemwa, kisha mahali ambapo mtu asiyeshuku angeendelea mbele, ikakata kushoto na kuteremka kwenye korongo la mibetula, miti ya magome meupe. Hapo palikuwa na mabua ya nyasi yamedondoka juu ya theluji. Sunná alishuka, akaokota bua moja, akalinusa. Lilikuwa lilelile la mtu wa pwani. Akazima injini, akateremka kwa miguu.

Lilikuwa zizi kubwa, limefichwa vizuri, ukuta wa korongo upande mmoja na miti upande wa pili. Ndani walikuwemo kulungu wa Heaika, wote, na hakuhitaji kukaribia ili aone. Ndama walisimama vichwa chini, mashavu yamelowa, wengine wakizunguka mahali pamoja kama waliosahau walikokuwa wakienda. Katikati yao Heaika alikuwa amepiga magoti, ndama mmoja kambana kati ya mapaja, bomba la dawa mkononi.

Moyo wa Sunná ulimdunda kwa kitu kinachofanana na furaha. Alikuwa sahihi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hisia ya kwanza, na aliionea aibu muda si mrefu. Kisha akamwona, pale karibu na hori la chakula, kulungu jike mweusi mweusi mwenye baka jeupe puani. Alikuwa wake. Alimpoteza wakati wa vuli, akamtafuta mpaka akakata tamaa, akaamini ameliwa na mbwa mwitu. Jicho lake moja lilikuwa jeupe lote, kovu lililokwisha kupona, na alikuwa akila kwa utulivu kama mgeni aliyezoea nyumba.

"Funga lango, shemeji," Heaika alisema bila kuinuka. "Watatoka."

Sunná alilifunga akiwa ndani.

"Mlimani, siyo?"

Heaika aliendelea kupaka dawa.

"Na huyu? Huyu nimemlilia. Alifikaje hapa?"

"Alikuja mwenyewe. Siku zile za dhoruba, kabla ya mvua."

"Na mkato wangu hukuuona."

"Niliuona siku ya kwanza."

"Ukanyamaza."

Heaika alimwachia ndama, akasimama, akajifuta mikono kwenye koti palepale penye doa. "Nilinyamaza kwa sababu alipofika alikuwa anatoa machozi. Huyo ndiye wa kwanza, Sunná. Ndama wangu wote walikuwa na macho kama vioo. Akaingia huyo wako, ndiyo haya unayoyaona."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina.

"Unasema mimi ndiye niliyekuletea?"

"Nasema nimekaa humu korongoni nikijiuliza. Mtu anayewajua wanyama wake kwa sura, mtu aliyesimama mbele ya bonde zima kwa ajili ya ndama mmoja, leo anapoteza jike mzima na haji kuniuliza? Nikasema, anajua alipo. Amemwachia aje kwangu na ugonjwa wake. Bado analipiza yule ndama."

Sunná alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa tangu juu ya korongo, na sasa aliyasikia yakitoka kinywani mwa mwenziwe. Hakuja kumuuliza kwa sababu moja tu: aliona kumuuliza ni kumpa nafasi ya kujiandaa. Lakini hilo angelisemaje?

"Siku ile nilikuja kwako kupeleleza," Heaika aliendelea. "Ukaniambia ni upepo."

"Na wewe ukaniambia mlimani."

Walisimama hivyo, mvuke wa pumzi zao ukipanda kati yao. Ndama mmoja alitembea moja kwa moja hadi kwenye uzio, akajigonga kifua, akarudi nyuma, akajigonga tena palepale. Sunná ndiye aliyekwenda kumshika. Akamlaza, akamkalia shingoni kwa goti, akanyoosha mkono bila kumtazama Heaika.

"Nipe hiyo dawa."

Kabla ya kupaka alisoma maandishi ya kwenye bomba, yote, hadi tarehe. Heaika alingoja. Walifanya kazi mpaka mwanga ukaisha, na hawakuongea zaidi ya "shika" na "geuza".

Majibu ya maabara yalipofika, Turid alitaka kumpigia kila mmoja simu kwa faragha. Wote wawili wakakataa. Hakuna aliyekuwa tayari kusimuliwa na mwenzake, kwa hiyo daktari akalazimika kuendesha gari tena kutoka pwani na kuwasomea pamoja, jikoni kwa Sunná, kila mmoja upande wake wa meza.

Aliwaeleza kwamba macho yale yameharibiwa na kirusi, na bakteria wamefuata nyuma yake. Damu za kulungu wakubwa, wa makundi yote mawili, zilionyesha kwamba wengi wao walishawahi kukutana na kirusi hicho, pengine walipokuwa ndama. Kirusi hicho hakitoki. Hulala mwilini miaka na miaka, na mnyama akipata njaa, akibanwa, akisafirishwa, huamka na kumrukia ndama ambaye mwili wake haujakizoea.

"Kwa hiyo nani alianza?" Heaika aliuliza, na Sunná akakasirika kwamba amemwahi.

"Maabara haiwezi kusema," Turid alijibu. "Pengine yule jike. Pengine aliyemwambukiza yeye. Pengine kila zizi liliamsha la kwake. Mama Sunná, hata mngenipa damu ya kila mnyama wa bonde hili nisingeweza kukutajia jina."

Sunná hakuridhika. Jina ndilo alilolitaka. Kwa ndama aliyeibwa kuna mwizi, kwa nyasi mbovu kuna mwuzaji, lakini mtu utamshika nani koo kwa kitu kilicholala damuni tangu enzi za baba yako? Alikumbuka bibi yake akisimulia habari za zamani, walipokuwa bado wakiwakamua kulungu maziwa na kuwaweka pamoja majira ya kiangazi, jinsi macho yalivyooza kwa kambi nzima, na watu wa kambi wakatuhumiana uchawi. Alipokuwa mtoto, kisa hicho kilimchekesha.

Kulikuwa na jambo moja la kufanya, na wote watatu waliliona kabla halijatamkwa. Zizi la mtoni lilikuwa pana na wazi, na korongo lilikuwa na kinga ya upepo na lilikuwa karibu na maji. Wagonjwa wote wakae korongoni, wazima wote mtoni. Maana yake ndama wagonjwa wa Sunná wawe mikononi mwa Heaika, na wanyama wazima wa Heaika wawe mikononi mwa Sunná.

"Safi sana," Jovnna alisema akiegemea mlango. "Sasa kila mtu ameshika rehani ya mwenzake."

Hakuna aliyecheka. Lakini walifanya hivyo.

Sunná alikwenda korongoni kila siku iliyokuwa na mwanga. Alisema anakwenda kusaidia kupaka dawa, naye alisaidia kweli, viatu vyake akiviosha kwenye ndoo ya dawa kuingia na kutoka, lakini kazi yake hasa ilikuwa kupitisha vidole kwenye masikio ya ndama wake, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha mkato ni uleule. Heaika naye alikuja mtoni, akasimama nje ya uzio na darubini, akisema anapita tu. Kila mmoja alikuta wanyama wake wameshiba na wamesafishiwa hori, na kila mmoja aliondoka akiwa kama aliyenyimwa kitu.

Si wote waliopona. Wengine walibaki na kovu jeupe na jicho moja, wengine jicho lilipasuka, na hao walichinjwa kabla hawajateseka zaidi. Palikuwa na ndama mmoja wa Sunná, mdogo, mkaidi, aliyepofuka macho yote mawili. Alikuwa amejifunza kuifuata sauti ya ndoo, na kila Heaika alipoigonga ndoo, yule ndama alikuja akiwa ameinua pua juu. Siku moja Sunná alipofika alimkuta Heaika amekaa juu ya sledi, ndama kafungwa kamba pembeni yake, kisu bado alani.

"Huyu hali tena tangu juzi," Heaika alisema. "Anaungua homa."

"Ungemaliza tu. Kwa nini umemwacha ateseke?"

"Nikimmaliza peke yangu utasema nimemla."

Sunná alimwangalia ndama, akamshika shingo, akahisi joto lake. Ni kweli angesema. Angesema jikoni kwake, mbele ya Jovnna, na angeyaamini maneno yake.

"Ningesema," alikubali.

Akachukua kisu mwenyewe. Heaika akamshikia ndama, na walipomaliza alimsaidia kufunga nyama kwenye sledi yake, na ngozi, na masikio yote mawili.

Majira ya kuhama yanapokaribia, wafugaji wote wa bonde hukutana kupanga nani atangulie kwenye njia ya pwani, kwa sababu njia ni moja na mazizi ya kupumzikia ni ya pamoja. Mwaka huo Heaika alitaka wanyamaze kuhusu ugonjwa. Alikumbusha kwamba miaka ya nyuma kuna familia ilisingiziwa upele wa wanyama, ikafungiwa njia, na kulungu wao wakazalia kwenye theluji. Alisema wagonjwa wamekwisha, dawa imefanya kazi, mambo ya nini? Sunná alibishana naye njia nzima ya kwenda ukumbini. Alisema watu wa bonde si vipofu, na mtu mmoja tu akiliona kovu moja tu, wao wawili wataitwa waongo juu ya kuwa na wanyama wagonjwa.

Basi akasimama mbele ya watu, akayasema yote: macho, zizi la mtoni, korongo. Watu waliokaa karibu naye walivuta viti vyao, si sana, kiasi cha kuonekana. Mzee mmoja wa mbele akauliza swali lililokuwa kwenye kila uso. Nani aliyeuleta?

Sunná alimtazama Heaika aliyesimama karibu na mlango, mikono mifukoni, akimtazama bila kupepesa. Alikuwa akingoja. Ingetosha kusema tu kwamba wa kwanza walionekana korongoni. Isingekuwa hata uongo.

"Haijulikani," alisema. "Daktari amepima wangu na wake. Haijulikani."

Kisha mama mmoja wa upande wa mashariki, ambaye miezi yote alikuwa akisema wanyama wake hawajambo, akasema kwa sauti ndogo kwamba ndama wake wamekuwa wakitoa machozi tangu Januari. Baada yake akasema mwingine. Kisha mwingine. Ikaonekana kwamba nusu ya bonde walikuwa na zizi lao la siri na bomba lao la dawa, na kila mmoja alikuwa na jirani aliyemshuku. Walizozana mpaka kahawa ikaisha, wakatoleana maneno makali, ila mwishowe wakapanga: kila kundi lihame peke yake, mwanya mkubwa kati ya kundi na kundi, na mazizi ya pamoja yasitumike kabisa mwaka ule. Hakuna aliyefungiwa njia.

Kabla ya kuhama walitenganisha wanyama. Sunná alimrudisha nyumbani yule jike wake mwenye baka puani, na Heaika hakudai chochote kwa kumlisha. Naye Sunná, alipokuwa akikagua wa kwake, alimkuta mmoja mwenye mkato wa Heaika aliyejichanganya nyuma kabisa. Alimfunga kwenye sledi, akampeleka yeye mwenyewe hadi mlangoni kwa mwenye mnyama.

"Huyu nilikuwa sijamwona," Heaika alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimemleta mchana."

Mwezi Mei makundi yalikuwa tayari pwani, kwenye vilima vinavyotazama bahari, na majike walikuwa wakizaa. Sunná alikuwa amekaa juu ya mwamba uliopashwa joto na jua, akihesabu ndama wapya kwa macho, aliposikia pikipiki ikipanda upande wa pili wa mteremko, kwenye theluji ya mwisho. Alimtambua kwa jinsi anavyokaa. Heaika alisimamisha mbali, kwenye mpaka waliokubaliana, akatoa chupa ya kahawa, akanyanyua mkono.

"Macho?" alipaza sauti.

"Safi kabisa. Ya kwako?"

"Safi."

Kisha kila mmoja akainua darubini yake, akaanza kulitazama kundi la mwenzake.